Paneli ya Mlango wa Mjomba

Alikuja na miwani ya jua na bisibisi moja. Kioo cha mlango wa abiria kwenye gari la mjomba kilikuwa kimezama na hakipandi, na huyu bwana anayetaka kunioa akaona hapo ndipo pa kujionyesha. Jioni ile nilitakiwa nitoe jibu, namtaka au simtaki. Mjomba na mkewe, walionilea, walishaanza kumwita mkwe. Mtaani anaitwa Injinia. Jina kajipa mwenyewe.

"Mjomba, wewe kapumzike," alisema. "Hii kazi ya kufumba na kufumbua tu."

Nikakaa mlangoni mwa nyumba nakunja nguo. Akafungua skrubu zile zinazoonekana na kila mwenye macho. Nyuma ya kitasa, penye kifuniko kidogo cha plastiki, hakupagusa. Akapenyeza bisibisi ukingoni mwa paneli, lile bamba la plastiki la upande wa ndani wa mlango, akaanza kubandua klipu zinazolishikilia, ta, ta, ta, huku anapiga mluzi.

"Hapo kwenye kitasa haiachii," nikamwambia. "Labda kuna kinachoishika."

"Bibie, haya mambo ya kiume. Kunja nguo."

Nikakunja.

Akakanyaga ubavu wa gari, akavuta kwa mikono miwili kama anang'oa kisiki. Kraa! Paneli ikapasuka kutoka kitasani hadi kwenye swichi, na kipande cha ukubwa wa kiganja kikadondoka. Sikumcheka. Kuvunja si dhambi, hata mafundi wa kweli huvunja. Nikangoja nione atafanya nini.

Akatupia jicho dirisha la nyumba, asije mjomba akawa anaangalia. Akaokota kile kipande, akakitia mfukoni. Mimi hakunitazama kabisa. Nadhani alinihesabu pamoja na nguo.

Mjomba akatoka, mkewe nyuma yake. "Vipi, mkwe?"

"Ah, mjomba, mmeniletea maiti! Hii ilishapasuka zamani. Humu ndani kuna mtu anabamiza mlango." Akacheka. "Si unawajua akina mama."

Akina mama maana yake mke wa mjomba, ambaye mlango ule huufunga polepole kama anamfunika mtoto aliyelala. Maskini akainamisha kichwa. "Labda kweli ni mimi," akasema.

Hapo ndipo damu iliponichemka.

"Muulizeni bibie," Injinia akaongeza, huku ananikonyeza. "Si alikuwepo? Si umeona ilivyokuwa?"

"Nimeona. Kipande kiko kwenye mfuko wako wa kulia."

Mjomba akanyoosha mkono. Injinia akapapasa mfuko wa kushoto kwanza, eti amesahau, kisha ndipo akakitoa.

"Na lile jibu la jioni, mjomba," nikasema, "lichukue sasa hivi. Simtaki."

Macho yakamtoka. "Unaniacha kwa ajili ya plastiki?"

"Ungesema umevunja, ningekushikia ugundishe. Umemtupia kosa mama yangu huyu."

"Mjomba, mwambie huyu! Wanaume hawaokotwi barabarani!"

Mjomba alikuwa ameidaka paneli, maana ilikuwa inaning'inia kwa nyaya za swichi na zilikaribia kukatika. "Mwanangu, njoo unishikie upande huu," akasema, na mwanangu ni mimi, si yeye.

Nikaweka nguo chini. Injinia alikuwa bado kasimama mbele ya mlango na bisibisi yake, ikabidi nimwambie apishe.