Neno Nililowekewa Kichwani

Mwaka wa tisini na nne nilikuwa mlinzi wa mlango mmoja tu. Siyo geti, hapana, geti lilikuwa na watu wake. Mimi nilikalia stuli nje ya chumba cha kompyuta, kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Kiwanda kina watu kama siafu, wakata samaki, wapakia barafu, madereva, kelele tupu. Lakini korido yangu watu walikatazwa kupita. Unakaa toka asubuhi mpaka jioni hujasalimiwa. Narudi Buhongwa, nako nyumba imenyamaza. Mke wangu Paskazia alishatangulia mbele ya haki, watoto wametawanyika, mmoja yuko Geita kwenye dhahabu, mwingine hata sijui.

Aliyenisemesha ni Teodora, binti wa Kihaya, mwenye hiyo kompyuta. Aliniambia humo ndani kuna mitumbwi yote inayotuuzia, na manahodha kwa majina, na mialo, zile fukwe za kushushia samaki, yenye sangara wakubwa. Wakati ule viwanda vilifunguliwa kila kukicha, vyote vinamgombea samaki huyo huyo. Kiwanda kingine kikiipata orodha ile, boti zake za barafu zinatutangulia kila mwalo, sisi tunafunga.

"Na mtu asiingize flopi yake humu, babu," akasema. "Zina virusi."

Flopi ni vile visahani vya mraba vya kuwekea kazi. Mimi kusikia virusi, wiki nzima nikawa navishika kwa kitambaa. Teodora alicheka mpaka akakaa chini.

Basi akapata safari ya Bukoba, mama yake anaumwa. Akaniita.

"Babu, mashine ina neno la siri, bila hilo haifunguki. Bosi nikimwambia ataliandika kwenye karatasi abandike ukutani, namjua. Wewe huandiki, nakuwekea kichwani. Akiihitaji, mnong'oneze yeye peke yake."

"Neno gani?"

"Wale samaki wadogo ulionisimulia, waliomalizwa na sangara."

"Fulu!"

"Shii! Hilo hilo."

Jamani, nilifurahi. Umri ule, mtu kukupa kitu ukitunze!

Siku mbili hazikupita, akaja Gidion. Alisema ni fundi wa kile kiyoyozi cha chumbani, ana karatasi yenye muhuri. Nikamfungulia, nikasimama naye humo humo ndani. "Shikamoo mzee." Marahaba. Akafungua kile kidude, akakifunga, halafu akakaa sakafuni, akatoa karanga, tukala. Kesho yake karudi, na keshokutwa. Kiyoyozi gani hicho kisichopona, mimi sikujiuliza. Alikuwa Mjaluo wa Shirati, anajua kusimulia. Bibi yake, Adoyo, alikuwa anaanika samaki wadogo juu ya mawe, ukipita na njaa unadokoa, yeye anakurushia ndala. Na mimi nikamsimulia ya utoto wangu. Sikumbuki lini nilicheka vile.

Siku moja akauliza, "Sasa huyo dada hayupo, mashine anaifungua nani?"

"Mimi."

"Wewe mzee? Hata gazeti si unalishika kichwa chini miguu juu?"

Ikaniuma. "Neno ninalo mimi, kichwani humu."

"Neno gani?"

"Aa, hilo hapana."

Akafungasha spana zake. Kesho yake hakuja. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu nilinunua karanga mwenyewe, nikaziweka kwenye stuli, sikuzila. Kila mlio wa viatu nainua kichwa.

Ya nne akaja, lakini hakukaa. Alisimama tu pale mlangoni. "Nimekuja kuaga, mzee. Mtu asiyekuamini, unakaa naye ufanye nini?"

Nikamwambia. Sitaki kudanganya, sikutishwa wala sikupewa kitu. Nilimwambia ili akae.

"Fulu," nikasema.

Akatabasamu, nikamfungulia chumba, akakaa sakafuni kama zamani. Halafu akasema koo limemkauka. Nikaenda mwenyewe kwa Justa, mama wa chai, nikaleta vikombe viwili. Kurudi, namkuta kwenye kiti cha Teodora, flopi mkononi, jasho linamtoka.

"Mzee, unanifanya mtoto? Nimeandika mara tatu, mashine imegoma!"

"Fulu, bwana! Ni fulu!"

"Fulu, fulu! Kizee kiongo wewe." Akanipita na mkoba wake, akapotea. Hata chai hakugusa.

Teodora aliporudi sikungoja aweke begi chini. "Nimelitoa lile neno, mjukuu wangu."

"Kwa nani?"

"Kwa rafiki." Nikamwambia yote, hadi karanga.

Akakimbilia mashine, akaiwasha, akatazama weee. Vyote vilikuwepo. Akanigeukia.

"Hebu liseme tena."

"Fulu."

"Babu, mimi niliandika furu. Kama tulivyofundishwa shule."

Nikamwambia ndivyo nilivyosema. Akarudia yote mawili polepole, na mimi sikusikia tofauti. Masikio yangu ni Kisukuma tupu, hiyo ere na ele kwangu ni kitu kimoja. Na Gidion, kwao kwa Wajaluo ni fulu vile vile. Mimi na yeye tulilitaja sawasawa, ndiyo maana halikufungua.

Teodora hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alivuta kiti, akanipa mgongo, akaandika neno jipya. Nilimsikia akibonyeza, mara saba au nane. Sikuuliza, naye hakunitajia. Aliposafiri tena alimpigia bosi simu, neno akampa yeye.

Mimi nikarudi kwenye stuli, nikakaa miaka mingine minne. Lile neno la kale bado ninalo, halifungui kitu. Na Gidion ningemwona leo nisingemuuliza nani alimtuma. Ningetaka tu aniambie kama yule bibi Adoyo, na ile ndala, kama alikuwepo kweli.