Kungoja Kutajwa

Hivi nyie, mnadhani mtu wa kusimama mbele ya watu mia mbili awaeleze maana ya elimu huria anachaguliwa kwa kitu gani? Kwa elimu? Haya, kaeni vizuri niwasimulie ya kongamano la Milanzi.

Ilikuwa Juni, ile miaka ambayo kila mwenye lori moja alijiona anafaa kuwa na shule, na baridi ilikuwa inakata masikio. Kamati ya kongamano ilikaa ukumbini, watu wanne kwenye meza ya kitambaa cha plastiki chenye maua. Mwenyekiti alikuwa Bwana Sebastiani, afisa elimu mstaafu, kalamu nne mfukoni na hakuna hata moja yenye wino. Katibu ni Rahel, binti wa mradi uliogharimia kongamano, aliyekuwa anaandika kila kitu, mpaka kikohozi cha mwenyekiti. Wa tatu ni Bwana Gaudensi, mnunuzi wa mahindi, ambaye alijenga sekondari, akajenga maktaba, kisha akaifunga kwa kufuli mbili ili vitabu visichakae.

Wa nne ni Coleta wa Kasense. Miaka kumi na minane alikuwa amefundisha watu wazima kusoma, kwenye mabenchi ya kanisa la kigango, bila mtu kumtuma. Walimweka karibu na birika. Mwakilishi wa wananchi, walisema, yaani amimine chai.

Coleta alikuwa anataka jambo moja tu: yeye awe mtoa mada mkuu. Hakumwambia mtu, hata mumewe Isdori. Kwao mtu hajitaji mwenyewe. Unangoja wenzako wakutaje, unakataa mara mbili, ya tatu ndipo unainuka huku ukijifanya umelazimishwa. Kizuri chajiuza, mama yake alikuwa akimwambia. Basi kizuri kilikaa pale vikao vitatu, kinakoroga sukari, na hakuna mnunuzi aliyegeuza hata shingo.

Kikao cha kwanza walimchagua daktari wa falsafa wa Dar es Salaam. Hakuna aliyewahi kusikia amesema nini, ila jina lake lilijaza mstari mzima. Akajibu kwa barua kwamba vumbi la barabara ya Tunduma halipatani na kifua chake. Kikao cha pili wakamchagua mzungu wa mradi, asiyejua hata "habari za asubuhi". Huyo likizo yake ikafika, akaenda zake kwao.

Kikao cha tatu sasa, siku tisa zimebaki.

"Tunahitaji mtu mzito," alisema Bwana Sebastiani, akitafuna andazi.

"Uzito upi, Mwenyekiti? Wa kilo?" Coleta aliuliza taratibu.

Rahel alicheka, kisha akaliandika na hilo.

"Mama Coleta una utani wewe," alisema mwenyekiti. "Nasema mtu mwenye jina. Watu wakisikia tu, wanakaa kimya."

Coleta alishusha birika na kungoja. Moyo ulimwenda mbio kama msichana. Sasa atanitaja, aliwaza. Nani mwingine amebaki mkoa huu?

Bwana Gaudensi alikohoa, akavuta koti lake la mtumba, lile ambalo mikono yake ilimfikia vidoleni. "Kama hapana budi," alisema, "basi mimi nitajitolea."

"Hapo sasa!" mwenyekiti alipiga meza. "Rahel, andika."

Hivi ndivyo mwenye kufuli mbili alivyopewa kazi ya kuhubiri milango iachwe wazi. Na hakukataa hata mara moja, achilia mbali mbili.

"Tatizo dogo," Gaudensi aliongeza. "Sina cha kusema. Mama, nasikia huko Kasense mna daftari la masomo. Nipe hilo nilisome mbele ya watu, nitalipamba kidogo."

Coleta alilitoa kwenye kikapu. Lilikuwa na jalada la karatasi ya mfuko wa saruji. Masomo yote yalikuwamo, kuanzia silabi hadi kuandika barua. Nyuma yake kulikuwa na majina: aliyenakili, na aliyemwazima. Mmoja wao, Kija, mama wa Kisukuma mfuga ng'ombe, alijifunza kusoma akiwa na wajukuu, akalinakili siku kumi na moja, akawaazima majirani watatu. Darasa lilikuwa na sheria moja tu: akikuomba mtu, humnyimi, ila atanakili kwa mkono wake, na ataandika alilipata kwa nani.

Sheria aliitunga yeye mwenyewe Coleta. Sasa ilikuwa imemgeukia.

"Chukua, Bwana Gaudensi," alisema. "Sikunyimi. Utaanza ukurasa huu, unakili kwa mkono."

"Mimi? Ninakili kama mtoto wa darasa la kwanza?" Gaudensi aliangua kicheko. "Nitalipiga fotokopi mjini, mama. Hayo majina ya nyuma tutayaacha, yanachafua kazi."

"Wazo zuri," alisema mwenyekiti. "Mama Coleta, siku hiyo utasimamia chakula. Uji wa ulezi usikose, wageni wanaupenda."

Rahel kalamu ilimsimama. Alimtazama Coleta, kwa mara ya kwanza tangu vikao vianze.

"Bibi," alisema kwa sauti ndogo, "mbona wewe hujapendekeza mtu?"

Mwenyekiti alibaki na andazi karibu na mdomo. Coleta aliwatazama mmoja mmoja, kalamu zisizo na wino, koti lisilo na mwenyewe, akashangaa kwamba watu hawa ndio aliokuwa akingoja wamwone. Alifuta mikono kwenye khanga, akainuka bila kulazimishwa na mtu.

"Ninampendekeza Coleta wa Kasense," alisema. "Tangu kikao cha kwanza nilitaka kusimama pale mbele mimi."