Picha ya Naibu Mkuu

Naibu Mkuu wa chuo, mwenye dhamana ya taaluma, alikuwa mama asiyetishwa na profesa yeyote. Mitaala yote ilipita mikononi mwake, na matokeo ya mitihani hayakubandikwa mpaka aweke sahihi. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti chini ya meza, roho juu juu, akitafuta mchoro wa mjukuu wake.

Alimwahidi mtoto kuutundika ukutani, na mtoto alikuwa njiani kuja kuuona. Ahadi ni deni, na mjukuu huyu hakuwa mdai wa kusamehe.

Jibu alilipata kwa mtunza kumbukumbu, mzee mpole aliyepita jana yake kuchukua majalada. Mzee, alipoitwa ofisini, alikiri bila wasiwasi. Kila Naibu Mkuu huacha picha yake kwenye kumbukumbu za ofisi, na huyu, kwa kuchukia kamera, alikuwa amemzungusha miaka nenda miaka rudi. Basi alipouona ule mchoro juu ya majalada, mama mwenye joho na kofia ya mahafali, alimshukuru Mungu akaugongea mhuri.

Mama aliomba arudishiwe. Mzee akamkumbusha, kwa adabu zote, kwamba kilichogongwa mhuri hakitoki stoo ya kumbukumbu, na kwamba amri hiyo aliitia sahihi yeye mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mara mjukuu akatokea mlangoni, akaanza kuzikagua kuta.

"Bibi, picha yangu iko wapi?"

Mama alimshika mkono, wakashuka wote watatu hadi stoo. Kule chini walipangwa Naibu Wakuu waliotangulia, kila mmoja kwenye fremu yake, amekunja uso kama aliyekalia msumari. Mwisho wa mstari, kwenye fremu kama zao, ulikuwepo mchoro: kichwa kikubwa, vidole kama reki, meno yote nje.

Mama alianza kuomba radhi. Alisema atautoa, hata kama itabidi aitishe kikao cha seneti. Mtoto hakuwa anamsikiliza. Alipita fremu kwa fremu, akawatazama wote vizuri, kisha akarudi kwa bibi yake.

"Hawa wote wamenuna," alisema. "Wewe tu ndiye unayecheka. Usiwaache peke yao, Bibi."

Mama alifuta macho kwa kiganja, naye meno yote nje. Halafu akamwambia mzee kwamba amri ibaki kama ilivyo.