Viazi vya Mama Mkwe

Viazi kumi na viwili vilikuwa vimepangwa juu ya meza ya ukaguzi, vikubwa, vimeoshwa vikatakata, na kila kimoja kilikuwa na kidonda kidogo kilichozibwa kwa nta ya mshumaa. Mkaguzi alivitazama bila kuvigusa. Alijua kilichomo ndani. Alikijua hata kisu kilichotumika, na mkono uliokishika kisu hicho, kwa kuwa mkono wenyewe ulikuwa umewekwa pale ukingoni mwa meza, umetulia tuli. Ulikuwa mkono wa mama mkwe wake.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu karantini itangazwe. Upande wa juu wa mto alikuwa ameingia mdudu mweupe asiye na mabawa, mdogo kuliko chembe ya chumvi, ajibanzaye pale chipukizi linapokutana na tawi, akafyonza kimyakimya mpaka mlimau ukauke umesimama. Upande wa chini, bonde zima la milimau lilikuwa bado safi, pamoja na watu wote waliokula na kusomesha watoto kwa malimau hayo. Katikati kulikuwa na daraja, kizuizi cha bomba lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, kibanda chenye meza moja, pipa la kuchomea, na yeye. Hakuna mche, tawi wala jani la mlimau lililoruhusiwa kuvuka. Makondakta walimpachika jina la Bwana Lenzi, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Wiki iliyopita alikuwa amechomoa majani mawili ya mlimau kwenye shada la bibi harusi, akayachoma bibi harusi akiona, na usiku akalala fofofo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu; leo ndipo alipouonja.

Karani wake, mwanamke mwepesi wa ulimi na mwema wa moyo, alikuwa amemwona mama huyo tangu basi lilipokuwa linasimama.

"Huyo anayeshuka si mkweo huyo?" alinong'ona. "Wewe nenda kwa wale wenye magunia kule nyuma. Mama niachie mimi."

Ndivyo kanuni zilivyotaka, mkaguzi asimkague wa kwao. Lakini mama mkwe, ambaye masikio yake hayakuwahi kumsaliti, alikwisha sikia.

"La, binti yangu, ahsante," alisema, akilitua kapu mezani. "Atanikagua huyuhuyu. Kushika kisu nimemfundisha mimi, leo aniogope?"

"Basi mimi nitakaa shahidi," karani akasema, akavuta kiti chake karibu. Asingekikosa kioja kile kwa vyovyote.

Kweli alimfundisha. Mkaguzi alifika kwenye kitalu cha mama huyo akiwa na miaka kumi na tisa, na mikono isiyojua kingine ila kubeba. Watu wa pande zote mbili za mto walimjua mwanamke yule kwa jina la Mama Miche, na mche uliotoka kwake haukuulizwa maswali. Alimfundisha kuchanja gome bila kugusa mti wa ndani, kufunga utepe usibane wala usilegee, kukata mara moja tu, maana anayekata mara mbili amejeruhi mara mbili. Miezi ile ya mwanzo alijikata vidole kuliko alivyokata matawi, na aliyekuwa akimfunga vidonda ni binti wa mwenye kitalu. Mama Miche alipenda kusimulia kwamba mkwewe alijipandikiza mwenyewe kwenye nyumba yake na, kwa mshangao wa wote, akashika.

Na hila ya viazi ilikuwa ya mama huyohuyo. Kijiti cha kupandikizia kikisafiri mbali hukauka. Ukikichomeka ndani ya kiazi kikubwa na kuziba tundu kwa nta, kiazi hukinywesha taratibu hata siku kumi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huyo binti yangu hakupikii?"

"Ananipikia, mama. Hivi viazi..."

"Ni viazi."

"Vina nta, mama."

"Vilikuwa na vidonda, nikavitibu."

Karani aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Nikikipasua hiki, mama, nitakuta nini?"

"Utakuta nilichokufundisha." Kisha utani ukamtoka usoni. "Jumatatu mnakuja kuukata mlimau wangu, mwanangu. Barua nimeipata. Sikatai, mmekuta mdudu kwenye tawi la chini, mkate. Lakini mti ule ndio mama wa miche yote niliyowahi kuuza. Miaka ishirini na sita. Ukienda wote, nini kitabaki? Nimechukua vijiti kumi na viwili kutoka kileleni, ambako mdudu hajafika. Nimevikagua kimoja kimoja, siku mbili, mchana kweupe. Ni safi. Ningeona hata doa moja, ningevichoma mwenyewe kabla yako. Unanijua."

Alimjua. Hakupata kuona mtu mwenye jicho kama lake. Zamani alikuwa akisimama mlangoni mwa kitalu, kikombe mkononi, na kusema kwamba mche wa saba, safu ya tatu, una vidukari. Unaenda, unageuza jani, unawakuta. Kama mwanamke yule amesema ni safi, basi ni safi. Kanuni zilitungiwa watu wasiojua wanachobeba. Karani angeweza kutumwa nje akahesabu magunia, viazi vikarudi kapuni, na mlimau ule ukaendelea kuishi nyuma ya nyumba ya Mkaguzi mwenyewe, upande wa chini wa mto. Nani angeumia?

Hapo ndipo alipoogopa, maana aliyatambua maneno hayo. Kila aliyewahi kusimama mbele ya meza ile alisema yake ni safi. Bibi harusi naye alisema.

Alichukua kisu, akapasua kiazi cha kwanza. Kijiti kilitoka kibichi, kinang'aa, kimekatwa kwa mshazari mmoja usio na kasoro. Alikipitisha chini ya lenzi, akakiona safi. Akapasua cha pili, nacho safi. Furaha ikaanza kumpanda kifuani, furaha ya kitoto hasa, na akajikuta anapanga maneno ya kumwandikia mkubwa wake kuomba kibali maalumu. Akapasua cha tatu.

Walikuwepo watatu chini ya chipukizi. Cha nne kilikuwa na zaidi, na mmoja wao alitembea. Akarudi kwenye cha kwanza, akatazama tena kwa jicho lililokwisha kujua linatafuta nini, na humo pia wakaonekana.

Akabaki ameinama kwenye lenzi muda mrefu kuliko kazi ilivyodai, kwa sababu hakujua ainue uso gani. Vijiti havikumsikitisha. Kilichomchoma ni zile siku mbili za mchana kweupe. Mama Miche alikaa mezani kwake, akageuza kijiti kimoja baada ya kingine mbele ya macho yake maarufu, na hakuona kitu.

Njia ya kumsitiri ilikuwepo, tena rahisi. Angesema: "Mama, viwe safi visiwe safi, sheria hairuhusu." Mama mkwe angekasirika, angeilaani ofisi na walioituma, angewasimulia wageni mpaka uzeeni jinsi mkwewe alivyomchomea vijiti vizima, na angebaki na fahari yake. Hasira ingekuwa zawadi ndogo ya kumpa. Lakini kesho yake angeamka, angevaa miwani yake, angekwenda kukagua miche ya watu.

"Mama," alisema, "vina mdudu."

"Havina."

"Vinaye, mama. Njoo uone."

Alimpisha. Mama mkwe alizunguka meza, akainama, na Mkaguzi akamshikia kijiti, akakisogeza polepole mpaka mahali penyewe. Nje basi lilipiga honi. "Bwana Lenzi, tunachelewa!" kondakta alipiga kelele. Karani alitoka mlangoni kama mshale. "Subiri! Au nije nikague na viatu vyako?" Honi ikanyamaza.

"Naona ukungu tu," alisema mama mkwe. "Sogeza kidogo. Hapo. Wangapi hapo?"

"Watatu."

"Watatu. Naam." Alisogeza jicho karibu zaidi. "Huyu anatembea."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa, akakitazama kijiti bila lenzi, kwa mbali, kisha kwa karibu. Halafu akaivua tena na kuikunja.

"Tangu lini, mama?"

"Mvua za mwaka jana. Nilidhani ni miwani."

Mkaguzi aliweka kijiti chini. Alimpenda mwanamke yule. Alikuwa amempenda miaka yote kwa heshima ya mkwe, kwa hatua tatu nyuma. Sasa alimpenda bila hatua hizo, na ilimuuma kuliko alivyotarajia.

Mama mkwe hakusubiri kuambiwa. Alivikusanya viazi kapuni pamoja na vile vilivyopasuliwa na vijiti vyake, akaenda navyo hadi kwenye pipa, akavitia kimoja kimoja. Karani alimwaga mafuta ya taa, akawasha kiberiti. Walisimama watatu wakitazama moshi. Mwanzo ilitoka harufu ya limau, kali na tamu, kisha taratibu ikapanda harufu ya viazi vya kuchoma, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

"Ningejua ningeleta na chumvi," alisema mama mkwe.

Karani alicheka mpaka akajishikiza ukutani, na Mkaguzi naye akacheka, machozi yakimtoka, akasingizia moshi.

Basi liliondoka bila mama mkwe. Alisema atasubiri zamu ya mkwewe iishe waende nyumbani pamoja. Aliketi kwenye benchi lililokuwa chini ya tangazo la karantini. Mkaguzi alijaza fomu: aina ya mmea, idadi, namna ulivyoharibiwa. Alikuwa anatafuta maneno mapole ya kuandika mahali pa maelezo, mama mkwe aliposema:

"Hiyo fomu yako ina nafasi?"

"Nafasi ya nini, mama?"

"Ya watu. Miche yote niliyouza tangu mvua za mwaka jana niliikagua kwa macho haya haya. Mingine ilivuka daraja hili kabla hamjaweka hilo bomba lenu."

Kalamu ilisimama. Karani aliweka chini muhuri wake.

"Mama," alisema karani kwa sauti ambayo Mkaguzi hakuwahi kuisikia kwake, "hakuna aliyekuuliza hilo."

"Ndiyo maana nasema mwenyewe."

"Wataanza kusema," Mkaguzi alisema. "Bonde zima. Watasema mdudu kaletwa na Mama Miche."

"Kama kaletwa na mimi, waseme nini kingine?" Aliupapasa mtandio wake akautengeneza begani. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Wenye miche wakijua leo, watakata mmoja mmoja. Wakijua baada ya mvua, watakata shamba. Daftari sina, lakini nawakumbuka wote, na kila mmoja alichukua mingapi. Toa karatasi."

Mkaguzi alitoa karatasi mpya, akaipiga mistari kwa rula polepole, akitumaini kwamba mama atabadili nia kabla mistari haijaisha. Hakubadili. Huko nje gari jingine lilikuwa linakaribia, na karani akatoka kulipokea bila kuambiwa.

"Haya, mama. Tuanze na nani?"

"Anza na kwako."

Akainua macho.

"Wiki moja kabla ya karantini nilimletea binti yangu miche minane. Si iko pale nyuma ya jiko?"

Ilikuwepo. Aliimwagilia yeye mwenyewe asubuhi ile. Wiki zote hizo alikuwa akiipita akienda kazini na akirudi, lenzi mfukoni, na hakuwahi kuinama hata mara moja, kwa kuwa ilitoka mkononi mwa mama. Jirani wa kushoto alikuwa na milimau arobaini. Wa kulia alikuwa na zaidi.

Aliandika nyumba yake kwenye mstari wa kwanza. Aliandika jina la mke wake, na pembeni yake idadi.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Nisomee."

Hakuwahi kumwomba mtu amsomee kitu. Mkaguzi alimsomea, neno kwa neno, tarehe na yote, na alipofika mwisho akasikia mama mkwe anavuta pumzi.

"Minane, ndiyo," alisema. "Jioni tutaikagua pamoja. Wewe utatazama, mimi nitashika."

Kisha akakaa sawa kwenye benchi, akafumba macho ili akumbuke vizuri, akaanza kumtaja wa pili.