Sekunde Sitini za Kunyamaza

Mimi sipendi watu wa kukaa kimya, na hilo limenigharimu. Mwaka 2003, hapa mtaa wa Mangarivotra, mjini Mahajanga, niliiandikia kampuni moja ya boti programu ya seva, ili ofisi zake za tiketi ziulizane nafasi na kuandikiana, na kuniandikia mimi msimamizi wake. Kila ofisi ikiingia, seva huipa uzi wake, yaani mkondo wa kazi ndani ya programu, wa kuihudumia. Nyuzi zilikuwa ishirini tu. Basi watu wanafungua mstari, wanakwenda zao kunywa chai, uzi umekaa bure na wenzao wako nje wanabisha. Jamani! Nikaweka sheria: ukinyamaza sekunde sitini, seva inakukata. Na kwa hasira zangu nikaandika maneno ya kumtokea aliyekatwa kwenye kioo: "Kama huna la kusema, ondoka."

Nyumbani nilikuwa peke yangu. Dada yangu Bahia, anayeishi kisiwa cha Nosy Be, hakuwa amesema nami tangu baba yetu azikwe kule, mwaka wa pili sasa, kwa kuwa sikwenda mazikoni. Nilisingizia kazi. Ukweli niliogopa kumwona baba amefunikwa shuka. Nikipiga simu, Bahia hapokei, na ndugu mwingine sina. Jioni napika wali wa mtu mmoja, na bado unabaki.

Sasa kwenye kumbukumbu za seva nikaona kitu. Kila Ijumaa baada ya sala, ofisi ya Nosy Be inafungua mstari, haiandiki neno, inakatwa. Inarudi, inakatwa. Mara tano, mara sita. Nikacheka, nikasema karani wao Fazul analala mezani. Ijumaa ya nne nikampigia simu nimkaripie.

Fazul alinijibu taratibu, Kimalagasi chake kimechanganyika na Kikomoro cha wazee wetu. Si yeye, akasema. Ni Bahia, aliyeomba kukaa kwenye kompyuta yake ili asemezane nami. Na kwetu ndugu waliofiwa, wakikutana mara ya kwanza tangu msiba, hawaanzi na maneno. Wanakaa pamoja, wanamsomea marehemu Yasini, ndipo wanazungumza. Kwa Bahia, mstari ukishafunguka tumeshakaa. Anainua mikono, anasoma. Hajafika mbali, kioo kinamfukuza.

"Anajua programu ni yako," Fazul akasema. "Leo ameondoka analia. Amesema harudi tena."

Mdomo huponza kichwa, na wangu haukuhitaji hata kufunguka. Niliona aibu.

Siku ileile nikayafuta maneno yale. Nikaipanga seva upya: kila nusu dakika iiulize kompyuta ya upande wa pili kama ipo, nayo ijibu yenyewe bila mtu kuigusa. Isiyojibu ndiyo ikatwe. Anayenyamaza tu, aachwe. Wanywa chai nao wakapona, haya, nikaongeza nyuzi. Nikamwomba Fazul amfikishie Bahia habari.

Ijumaa ya kwanza hakuja mtu. Ya pili hakuja mtu. Ya tatu mstari wa Nosy Be ukafunguka, kimya. Seva ikauliza, ikajibiwa. Nikainua mikono na mimi, nikasoma Yasini, nikikosea na kurudi nyuma. Zikapita dakika kumi na mbili, ndipo yakaja maandishi:

"Amin. Mbona hukuja?"

Nikaweka vidole kwenye herufi, mimi mwenye maneno mengi. Dakika ikapita, na nyingine, na nyingine. Seva ikauliza kama nipo. Kompyuta ikanijibia kuwa nipo.