Samaki Asiyekuwa Wangu

"Hivi shemeji, samaki bado ana ladha?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Seremala, yeye akiwa upande wake wa ukuta na mimi upande wangu naanika nguo. Ukuta wenyewe unatufika kifuani, kwa hiyo tunaongea kama watu wa nyumba moja. Nikadhani ananitania, maana yule bwana hata msibani hutania. Nilipomtazama vizuri nikaona leo hana utani. Homa ilikuwa imemlaza wiki sita, na ilipoondoka iliondoka na ladha.

"Wali, maharage, chai, vyote maranda tu mdomoni," akasema. "Na maranda mimi nayajua, nimeyameza miaka arobaini."

Ile mikono iliyokuwa ikiinua mlango mzima peke yake ilikuwa inaning'inia kama mikono ya mashati kwenye kamba yangu. Nikakumbuka jinsi marehemu mume wangu alivyokuwa akimpelekea perege kila mwaka msimu kama huu, samaki wanaposogea kwenye maji ya kina kifupi kuzaa. Huruma ikanishika. Nikasema, "Wajukuu wanakuja likizo. Mungu akijalia, samaki wa kwanza watakayemvua ni wako. Hiyo ni nadhiri."

Neno hilo mimi silitamki ovyo. Tangu nifiwe, miaka minane sasa, nimeweka nadhiri tatu tu na zote nimezitimiza. Hii ya nne ilinitoka kama chafya.

Wajukuu walifika Jumatatu, watatu, wote wa mwanangu anayeendesha malori. Mkubwa tunamwita Wakili. Ana miaka kumi na mitatu na hajawahi kukosa la kusema. Anayemfuata ni Bi Harusi, miaka kumi, ambaye hakanyagi tope mpaka atandikiwe. Wa mwisho ni Kidoti, miaka saba, mwenye alama nyeusi shavuni. Likizo iliyopita wenzake walivua kila mmoja samaki wawili watatu. Kidoti hakupata hata mmoja, na tangu hapo wanamwambia ana mkono wa baridi.

Usiku ule ule baba yao alipiga simu. Kidoti akainyakua kabla wenzake hawajaifikia.

"Baba, siku ukija kutuchukua utakuta nimevua samaki wangu mwenyewe. Uje mapema, nataka umwone kabla hajaliwa."

Baba mtu akacheka, nikamsikia mpaka nilipokaa kwenye cherehani. "Wewe? Wewe samaki ndio watakuvua!"

Wakili na Bi Harusi wakaanguka kwa vicheko. Kidoti hakucheka. Alinirudishia simu kwa mikono miwili, akaenda kukaa kizingitini, kidevu juu ya magoti.

Hapo ndipo nadhiri yangu ilipoanza kunikaa vibaya. Je, wa kwanza akiwa wa Kidoti? Wakati wa sala nikasema: Ee Mwenyezi Mungu, wa kwanza awe wa Wakili. Wakili akinyang'anywa samaki atasema maneno mengi, kisha atasahau. Najua Mungu hapangiwi. Nilimpangia hivyo hivyo.

Ziwa letu liko mwendo wa nusu saa kwa miguu, na ufukweni kwake unaweza kuingia hatua hamsini maji yakiwa bado magotini. Niliwatafutia ndoana za babu yao kwenye kopo la vifungo, nikawafungia mishipi kwenye mianzi, na maboya nikawakatia kwenye kandambili kuukuu. Jumanne tukaenda, tukarudi mikono mitupu. Wakili alikuwa akilihutubia ziwa. Jumatano tukaenda, tukarudi hivyo hivyo, Bi Harusi akiwa na kiatu kimoja. Kidoti alikuwa akitazama boya lake muda wote, bila kumwomba mtu amsaidie.

Ikabaki Alhamisi. Baba yao alikuwa afike alasiri ya siku hiyo, na asubuhi ya Ijumaa waondoke.

Asubuhi hiyo tulimkuta mlinzi wa ziwa, dada mmoja mwenye buti za mpira mpaka mapajani. Kazi yake msimu huu wa samaki kuzaa ni kuzuia watu wasiingize nyavu kwenye maji mafupi. Ndoana moja kwa kila mtu anaruhusu. Akatuonyesha chini ya maji, kando ya matete, mashimo ya mviringo kwenye mchanga, yamepangana kama sahani juu ya meza.

"Hivyo ni viota," akasema. "Dume ndiye anayechimba. Anakaa hapo na hataki kuona kitu kinapita. Ukishusha chambo karibu naye atakiuma."

"Kwa sababu ana njaa?" akauliza Wakili.

"Wala. Kwa hasira tu."

"Kama Babu Seremala mtu akigusa msumeno wake," akasema Bi Harusi, akiwa amesimama juu ya jiwe.

Mlinzi akacheka, kisha akatuachia sharti moja. "Jike mkimpata, mfungueni mdomo kwanza. Akiwa amebeba, anarudi majini. Hapo hakuna mjadala."

"Mjadala upo kila mahali, dada," akasema Wakili.

"Huu upeleke nyumbani kwenu."

Jua lilikuwa halijapanda sana Wakili alipopiga ukelele. Boya lake lilizama, mwanzi ukapinda, na samaki akatoka majini. Nikasema moyoni, ahsante Mungu wangu, umesikia. Nikawahi kuinua sketi yangu na kuingia majini kabla mtu hajabadili mawazo huko juu.

Nilimshika yule samaki, nikambonyeza taya kama mlinzi alivyotuelekeza. Vikamwagika kiganjani mwangu vitoto vya samaki, vingi kama ufuta, kila kimoja kina macho mawili meusi na mkia usioonekana vizuri. Watoto wote watatu wakainamisha vichwa. Bi Harusi alikuwa ameshuka kwenye jiwe na hakujua.

"Anakula wanawe!" akasema.

"Hali kitu," nikamwambia. "Anawaficha. Akiwa nao mdomoni hata chakula hagusi."

"Sasa ndoana yangu aliimeza kwa nini?" akauliza Wakili.

Tukaitazama. Haikuwa imemezwa, ilikuwa imenasa pezi kwa nje. Nikaitoa taratibu, nikaviweka vile vidogo majini pamoja na mama yao. Akageuka, akafungua mdomo, na vikaingia kama watoto wa shule mvua inapoanza. Kisha akatokomea.

Nikabaki nimesimama na maji magotini, nikijiuliza. Je, nadhiri imetimia? Samaki wa kwanza alivuliwa. Lakini niliahidi kumpa jirani samaki, sikuahidi kumrudisha ziwani. Nyuma yangu Kidoti akasema kwa sauti ndogo, "Bibi."

Mwanzi wake ulikuwa umepinda kama upinde, na alikuwa akirudi kinyumenyume ufukweni huku ameuma meno. Wakili akaruka kumsaidia. "Usiguse!" Kidoti akamfokea kaka yake, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Wakili akaacha. Kidoti akarudi nyuma, akarudi, mpaka akakaa kitako mchangani, na samaki akafuata, dume pana, jeusi kichwani na jekundu kwenye mapezi, akipiga mkia kwa ghadhabu. Nikambonyeza mdomo. Ulikuwa mtupu.

"Ni wangu," akasema Kidoti.

"Ni wako," nikasema.

Hatukupata mwingine. Njiani Kidoti alimbeba mwenyewe kwenye ndoo, na kila tulipopumzika alifunua kuhakikisha. Wenzake hawakumtania tena. Bi Harusi alimwomba ampokee ndoo, akakataa.

Nyumbani nikamwambia Kidoti atazame ninavyomtengeneza samaki wake. Nikampara magamba kwa mgongo wa kisu, nikatoa matumbo, nikamchanja ubavuni mara tatu kila upande, nikampaka chumvi na ndimu. Nikapima mafuta kikaangoni. Mikono ilikuwa inafanya kazi, moyo haukutulia. Nilikuwa na njia ya kunyamaza. Ningekwenda sokoni kesho, nimnunulie Seremala samaki, na hakuna ambaye angejua. Lakini Mungu angejua, na mimi ningejua, na kati yetu wawili mimi ndiye ninayelala vibaya.

Nikawaita na wenzake jikoni, nikawaeleza wote watatu ile nadhiri kama ilivyokuwa.

Wakili ndiye aliyeanza. "Bibi, samaki wa kwanza alikuwa wangu, na amerudi ziwani. Kwa hiyo nadhiri imerudi ziwani. Kesi imekwisha."

"Na mdomo wako ungerudi ziwani tungepumzika."

"Pili," akaendelea, kidole juu, "mtu hawezi kuweka nadhiri kwa mali ya mwenzake. Ni sawa na mimi niahidi cherehani yako."

Hapo alinipata. Nikavuta kigoda nikakaa, nikawa sawa na kimo cha Kidoti. Yeye alikuwa ameegemea mlango wa jiko, hatazami mtu.

"Ulimwambia Mungu kuhusu samaki wangu?" akaniuliza.

"Nilimwambia samaki wa kwanza."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza. Nilikosea, mjukuu wangu, naomba unisamehe. Samaki ni wako. Nadhiri ni yangu, nitajua mwenyewe pa kuipeleka."

"Ungeniuliza ningekataa," akasema. Akafikiri. "Ningekataa kwanza."

Kikohozi kikasikika nje. Dirisha la jiko langu linatazama ukuta, na upande wa pili wa ukuta Seremala huwa ana kiti chake.

"Shemeji!" akaita. "Samaki wa kugombaniwa mimi simtaki! Mpe mtoto ale! Mimi hata ukinipa nyangumi ni maranda yale yale!"

"Umekaa unasikiliza jiko la watu, mtu mzima?"

"Jiko lenyewe linapiga kelele!"

Watoto wakacheka, hata Kidoti midomo ilimcheza. Lakini nilimwona akitazama dirishani muda mrefu baada ya wenzake kutoka. Nikamtia samaki kwenye mafuta. Sikumwongezea Kidoti neno, maana mtoto akishaombwa msamaha halafu akazungukwa tena na maneno, huo haukuwa msamaha. Ulikuwa mtego.

Tulimgeuza pamoja. Alikauka vizuri, ngozi ikawa ya dhahabu, mkia ukawa unavunjika kama biskuti. Kidoti akachagua sahani ya maua, ile ya wageni, akamlaza katikati na kumnyoosha kichwa kielekee mlangoni. Kisha akakaa mbele yake na kufukuza nzi kwa daftari.

Lori la mwanangu likasimama nje mchana haujaisha. Akaingia akiinama, ananuka barabara na dizeli, akaniamkia, nikamwitikia. Wakili na Bi Harusi wakamrukia, wote wanaongea. Kidoti hakuinuka. Alisubiri.

Baba yao akaiona sahani. "Ala! Huyu kavuliwa na nani? Wakili?"

Wakili, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akatikisa kichwa tu.

"Mimi," akasema Kidoti.

Mwanangu alitaka kutania, nilimwona, mdomo ulikwisha kaa tayari. Nikamtazama. Akamtazama mwanawe. Akachuchumaa mbele ya meza na kuvua kofia.

"Wewe peke yako?"

"Wakili alitaka kushika, nikamkataza."

"Ni kweli," akasema Wakili.

Mwanangu akapima kwa kiganja, kutoka mdomoni mpaka mkiani. Kiganja hakikutosha. Akaongeza vidole viwili vya mkono wa pili. "Babu yako angekuwepo," akasema, akaishia hapo, akajifuta pua kwa kofia.

"Umemwona?" akauliza Kidoti.

"Nimemwona."

"Mwangalie vizuri, Baba."

"Namwangalia."

Kidoti akamgeuza samaki kwa vidole viwili, akavipuliza vidole vyake kwa ajili ya moto. "Na upande huu?"

"Na upande huu nimeuona, mama. Ni samaki hasa. Maneno yangu ya kwenye simu nimeyala."

Kidoti akamwangalia usoni, kama ninavyowaangalia wateja wangu wanaposema nguo imewakaa. Akaridhika. Akachukua sahani nyingine kabatini, akamfunika samaki, akatengeneza kingo zilingane.

"Sasa tule," akasema baba yake, akivuta kiti.

Nikamwekea mkono begani, akakiacha kiti. Kidoti alinyanyua sahani zake kwa mikono miwili, akanipita nilipokaa, akausukuma mlango wa uani kwa kiwiko, akatoka kuelekea ukutani kwa Seremala.