Gari Lililokimbia Papo Hapo

Shemeji yangu alikuwa kwenye kasi ya kilomita mia mbili kwa saa na hakuwa anakwenda popote. Magurudumu ya nyuma ya gari lake la mashindano yalikuwa yanazungusha mapipa mawili ya chuma yaliyozama kwenye sakafu ya gereji yangu, mikanda imelibana huku na huku, ekzosi inatema moto hadi mlangoni. Hiyo ndiyo mashine ya kupimia nguvu ya injini. Sisi mafundi tunaiita daino. Masikio alikuwa ameyaziba dhidi ya kelele. Macho yake hayakubanduka kwenye mkono wangu, nyuma ya kioo cha chumba cha kompyuta. Mkono wa fundi ukiwa juu, dereva anakanyaga mafuta, ukishuka, anaachia. Mwanaume ambaye hakuwahi kumsikiliza mtu alikuwa ananitii mimi kama mtoto wa chekechea.

Ilikuwa inakaribia adhuhuri, nami nilikuwa naitazama saa ya ukutani zaidi kuliko kompyuta.

Watu walimwita Risasi. Siku mbili kabla walikuwa wamekuja kwangu, yeye na mdogo wangu aliyemuoa. Risasi akabaki sebuleni akibishana na televisheni. Mdogo wangu akanifuata jikoni, akafungua kitambaa shingoni. Vidole vyote vya mumewe vilikuwa vimechorwa pale, kuanzia dole gumba.

"Safari hii nilizimia, dada. Ijayo siamki."

"Ondoka."

"Niondokeje? Ananipigia simu kila saa. Nisipopokea, huyo, amefika." Akafunga kitambaa. "Keshokutwa kuna basi la adhuhuri. Laiti asiguse simu mpaka litoke."

"Mchukue mwanao upande basi," nikamwambia. "Simu yake niachie mimi."

Siku ilipofika nikampigia Risasi: shemeji, nimegundua namna ya kuliongezea gari lako nguvu, lilete. Alikuja mbio, jamani, hata chai hakumaliza! Nikampandisha kwenye daino, nikainua mkono. Kila alipomaliza mzunguko nilirekebisha kitu, mafuta kidogo, cheche mapema kidogo, na nguvu ikapanda kwelikweli. Sikumdanganya hata namba moja. Kazi yangu siiharibu hata kwa ajili ya shetani.

"Tena!" alikuwa anapiga kelele, anacheka, jasho linamtiririka. "Tena, shemeji!"

Ndipo simu yake ikawaka kwenye kiti cha pembeni. Baadaye nilijua ni ujumbe wa jirani yao, mdaku yule, alikuwa amemwona mdogo wangu na mabegi. Nilichoona wakati ule ni macho ya Risasi yakiuacha mkono wangu. Nikatupia jicho saa ya ukutani. Basi lilikuwa bado kituoni, na kituo kilikuwa mtaa wa pili tu.

Alikanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likaruka, mkanda mmoja wa nyuma ukakatika, na ndoano yake ya chuma ikapasua kioo na kuchana bega langu. Kabla vipande havijamaliza kuanguka, Risasi alikuwa ameshaingia na spana kubwa mkononi.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

Nilisikia taya likivunjika kabla sijasikia maumivu. Miaka imepita na bado siwezi kutafuna kitu kigumu upande ule. Nilianguka juu ya vioo, mdomo umejaa damu na meno, naye akaniinamia.

"Kituoni, siyo?" akasema, akageuka kwenda mlangoni.

Mwili wangu ulitaka kubaki chini. Namwambia yeyote anayetaka kunisifu: nilikuwa naogopa hadi nimejikojolea. Lakini mpini wa jeki ulikuwa karibu na mkono, nikamfuata nikiyumba, nikampiga gotini kwa nyuma, mguu wa kulia, ule wa kukanyagia mafuta. Akaanguka. Akanidaka nywele, akanibamiza uso sakafuni, nami nikapiga goti lile lile tena, na tena, mpaka likalainika, na hata alipoziachia nywele sikuacha. Nilikuwa nafurahi. Mungu ananijua.

"Inatosha, mama, utamuua!" Mchomeleaji wa gereji ya jirani alinikumbatia kwa nyuma na kuninyang'anya mpini. Risasi alikuwa analia kama mtu yeyote. Nikatazama ukutani. Adhuhuri ilikuwa imepita.

Hospitali walinifunga taya kwa nyaya. Jioni nesi aliniwekea simu sikioni, na sauti iliyotoka ilikuwa ya binti wa mdogo wangu.

"Mama mkubwa, tumefika. Mama amelala tangu tulipofika, hata viatu hajavua. Nimwamshe muongee?"

Kinywa hakikufunguka. Nikakataa kwa pua: mm-mm.

"Haya," akasema, akamsogezea mama yake simu, nami nikamsikiliza akikoroma.